Deni la Bawaba

Bwana Balidawa alileta mti kabla ya neno:
ubao wa mvule, unene wake vidole vinne,
miaka tisa umelala darini kwa baba yake
ukikauka, ukingoja nyumba ya kuustahili.
"Mlango," akasema. "Na bawaba nisiione.
Za nyumba ya mama zilikaa nje, kama masikio.
Wezi wakagonga pini kwa tindo,
mlango wakaulaza chini taratibu, kama mgonjwa."

Kilo mia moja na thelathini.
Tuliupima kwa mizani ya kahawa ya jirani,
tukiwa watu watano, na mmoja akaumia mgongo.

*Nyumba yangu haina mlango,* hutegana watoto wa Masese,
na hata aliyeanza kusema jana hujibu: yai.
Mimi nilitegwa kinyume:
mlango wangu hauna pa kuning'inia.

Nikakata boksi la sabuni.
Kipande hiki mwimo, kipande hiki mlango,
pini za kushonea ndiyo mihimili.
Nikazungusha: kona ikagonga.
Nikasogeza pini unywele mmoja. Ikagonga.
Umeme ukakatika. Tenywa akanimulikia kwa simu,
akasinzia, mwanga ukateremka ukutani
hadi kwenye vidole vyangu vya miguu.

Saa nane za usiku nikaelewa
jambo ambalo hakuna karakana iliyonifundisha:
mlango wa namna hii hauanzi kwa kugeuka.
Kwanza hutoka, huaga mwimo,
hupiga hatua moja ndogo mbele,
ndipo ugeuke.
Na ile nukta unayoizunguka
haimo ndani ya mvule, haimo ndani ya chuma.
Iko hewani, upande wa ndani,
pale anaposimama mwenye nyumba akiuliza: nani?
Nilinyoosha kidole kuigusa.
Hapakuwa na kitu.

Vikono saba kwa kila bawaba, vyote nimevichonga
kutoka springi ya lori la miwa
lililofia njiani, barabara ya Kakira.
Chuma cha springi kimezoea kubeba,
ila hakipendi kutobolewa: ncha tatu za kekee
zilikatika, ya nne nikaibembeleza kwa mafuta
kama mtoto anayekataa uji.
Chini ya mhimili, gololi za gurudumu la pikipiki,
na grisi, na dua fupi.

Jumatatu mlango ukasimama.
Jumanne ulikuwa umeshuka milimita tatu,
umeandika nusu duara kwenye sakafu mpya.
Bwana Balidawa akaufuata ule mkwaruzo kwa ncha ya kiatu,
kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole.
Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Nikaung'oa. Nikaongeza bawaba ya tatu
karibu kabisa na ile ya juu,
kwa kuwa mzigo wote huvuta juu;
ya chini inasukumwa tu, na kupokea sifa.

Siku ya malipo akavaa miwani.
Akapapasa ukingo, juu hadi chini. Akachungulia ufa.
"Ubao nauona. Kitasa nakiona, kina risiti.
Hapa, Mama Fundi, nalipia nini?"
"Ulichoagiza."
"Lakini sioni kitu!"
Mjukuu wake Nangobi akatokea, ana miaka minne,
mikono yote miwili imeshika muwa,
akausukuma mlango kwa paji la uso.
Mvule wote ule ukaenda.
Tulisubiri mlio. Kuku tu walisikika, kwa jirani.

Akalipa nusu.

Nusu nyingine ndiyo ninayoifuata kila mwisho wa mwezi.
Nabisha. Nasikia viatu vyake vikija,
vikisimama juu ya nukta yangu.
"Nani?"
Na mlango unanifungukia kimya,
kana kwamba haunijui.